Umepona Hepatitisi C, Lakini Uchovu Umebaki: Njia Nne Zikilinganishwa

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa baiskeli kando ya soko la Kibuye, Kisumu. Alimeza vidonge vya hepatitisi C kwa wiki 12, akangoja wiki nyingine 12 kama alivyoagizwa, kisha akapimwa damu na kuambiwa kwamba virusi havionekani tena. Jioni hiyo tulichinja kuku. Miezi minne baadaye nilimkuta saa nne asubuhi ameketi kwenye kigoda, tyubu ikiwa magotini, gundi imekauka kabla hajabandika kiraka, kwa sababu alikuwa akingoja mikono ipate nguvu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hivi ndivyo kupona kulivyo?"

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wale wanaojiuliza swali hilo na ambao wamekwama kati ya kurudi hospitali ya rufaa, kwenda zahanati ya jirani, kujipanga wenyewe nyumbani, au kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Njia hizi zote ni halali, na wengi huishia kutumia zaidi ya moja. Shida ni kwamba kila njia ina swali lake inalolijibu, na mtu aliyechoka hana nguvu wala nauli ya kuzijaribu zote kwa zamu.

Uchovu ulianza lini?

Kabla ya kulinganisha lolote, jibu swali hili kwa tarehe, kwa kuwa jibu lake hupunguza kubahatisha kuliko kipimo chochote utakachoanza nacho.

Vidonge vinavyotumika siku hizi, yaani sofosbuvir pamoja na daclatasvir au velpatasvir, hutoka mwilini upesi. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu unaoletwa navyo kwa kawaida huisha siku au wiki chache baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo uchovu wa kaka yangu, uliokuwa umeingia mwezi wa saba tangu amalize dawa, ni vigumu kuutwika vidonge. Hali ni tofauti kwa waliotibiwa zamani kwa sindano za interferon na vidonge vya ribavirin, kwa wiki 24 au 48, tiba iliyotawala kabla sofosbuvir haijaidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2013. Ribavirin huvunja chembe nyekundu za damu, na huchukua miezi kadhaa kutoka mwilini. Interferon nayo inaweza kuichochea kinga ya mwili ishambulie tezi ya shingo, na kwa baadhi ya watu tezi hiyo hairudi kama ilivyokuwa hata baada ya sindano kukoma. Inaweza pia kuleta huzuni nzito, ambayo kwa wengi hupungua baada ya tiba, lakini si kwa wote.

Kisha kuna mambo ambayo hayatokani na dawa hata kidogo. Virusi vikiondoka, kovu vilivyoliacha kwenye ini halifutiki siku hiyo hiyo, na likiwa limefikia hatua ya sirosisi, linaweza kumchosha mtu, kumwashia ngozi na kumharibia usingizi kwa miaka. Hepatitisi C pia huandamana na kisukari mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna hepatitisi B, ambayo mtu anaweza kuwa nayo bila kujua na ambayo huweza kuamka wakati C inapoondolewa. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe kwenye maelezo ya vidonge hivi. Na kwetu huku kando ya Ziwa Victoria, mtu anaweza kuwa na malaria, minyoo, au kichocho cha tumbo, ambacho chenyewe hushambulia ini, na yote hayo yakabebeshwa jina la madhara ya dawa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limewatia watu hofu isiyo na msingi: kile kipimo cha haraka cha tone la damu kutoka kidoleni hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki damuni kwa miaka mingi baada ya kupona. Kikisoma chanya, hakithibitishi kwamba ugonjwa umerudi. Kinachoweza kuthibitisha hilo ni kipimo cha virusi vyenyewe. Ni muhimu kulijua hili, kwa maana kupona hakukupi kinga, na mtu anaweza kuambukizwa tena.

Vigezo vya kulinganisha

Njia ya kwanza ni hospitali ya rufaa, kama vile Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, au Moi ya Eldoret. Ya pili ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ya tatu ni mpango wa nyumbani unaousimamia mwenyewe. Ya nne ni mshauri nasaha au kikundi cha watu waliopitia ugonjwa kama wako. Nimezipima kwa mambo matano: swali ambalo kila moja hulijibu, usalama wake kwa ini, fedha na muda, subira inayodaiwa, na mtu anayefaidika nayo zaidi.

Swali ambalo kila njia hulijibu

Hospitali ya rufaa hujibu swali la "kwa nini". Huko ndiko kuna uwezekano mkubwa wa kupata kwa pamoja picha ya ini, vipimo vya utendaji wa ini, kipimo cha tezi ya shingo, wingi wa damu, sukari, hepatitisi B, na daktari anayeweza kuyasoma majibu hayo kwa pamoja badala ya kila karatasi peke yake. Shangazi yangu wa Bahati, Nakuru, aliyetibiwa kwa interferon kwa mchango wa ukoo mzima, aliishi miaka miwili akisikia baridi mchana, nywele zikimtoka na uzito ukipanda. Mahali alipokuwa akihudhuria aliambiwa kwamba ni umri. Daktari mmoja wa rufaa alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwomba ameze mate, kisha akamuuliza, "Mama, tezi hii imewahi kupimwa?" Haikuwahi kupimwa. Sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na baridi ile imekwisha.

Zahanati hujibu swali la "hili nilifanyeje leo". Inaweza kupima malaria, sukari na kiwango cha damu, kutibu minyoo, kukupa dawa ya kuwashwa, na kukuandikia barua ya rufaa ikiona haja. Nguvu yake ni kwamba mhudumu yule yule anaweza kukuona mara nne kwa mwaka na kugundua kwamba umekonda. Udhaifu wake ni kwamba dalili hutibiwa moja moja, na anayetibu kuwashwa mwezi huu huenda asiwe yule aliyetibu usingizi mwezi uliopita. Beba daftari lako la kliniki kila unapokwenda, hata kama umekwenda kwa kikohozi.

Mpango wa nyumbani hujibu swali la "niishije na nguvu nilizo nazo". Hauwezi kukuambia kwa nini umechoka, na hapo ndipo watu wengi hukosea, wakiupa kazi isiyo yake. Lakini kwa uchovu ambao umepimwa na haukupata jina, sijaona njia iliyo bora kuuzidi, na nitaurudia kwa kirefu.

Mshauri au kikundi hujibu swali ambalo wagonjwa huona aibu kulitamka: "Je, ninajifanya?" Mtu anapoambiwa na kipimo kwamba amepona na kuambiwa na mwili kwamba hajapona, mara nyingi huanza kuushuku mwili wake mwenyewe, na jamaa humsaidia kuushuku. Waliotibiwa kwa interferon wakabaki na huzuni nzito wana haki ya zaidi ya mazungumzo, kwa sababu huo ni ugonjwa wenye tiba, na mshauri mzuri ndiye atakayetambua wakati wa kumpeleka mtu kwa daktari.

Usalama wa ini

Hospitali na zahanati ni salama kwa sharti moja, kwamba kila anayekuandikia dawa ajue hali ya ini lako. Diclofenac na ibuprofen, zinazotolewa kama pipi kwa maumivu ya viungo, ni hatari kwa mwenye sirosisi kwa sababu zinaweza kuumiza figo na kusababisha kutokwa damu tumboni. Paracetamol, ambayo watu wengi huiogopa bure, ndiyo salama zaidi kati ya hizo ikiwa mwenye sirosisi hatazidisha gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Daktari naye ajue kwamba unaitumia. Dawa za usingizi za kundi la diazepam zinaweza kumvuruga akili mwenye sirosisi, kwa hiyo usizinunue kwa ushauri wa rafiki.

Mpango wa nyumbani ni salama kwa karibu kila mtu, isipokuwa pale unapogeuka kisingizio cha kutokwenda kupimwa. Mazungumzo hayadhuru ini, ingawa kikundi kinaweza kueneza ushauri mbaya kwa kasi ileile kinayoeneza faraja.

Hapa sina budi kutaja miti shamba, kwa kuwa katika masoko ya Kibuye na Wakulima kuna mabibi wanaoiuza kwa moyo safi, na mganga humpa mgonjwa nusu saa ya kusikilizwa ambayo kliniki yenye foleni haimpi. Sikuiweka miongoni mwa njia nne kwa sababu dawa ambayo kipimo chake hakijulikani hupitia ini lile lile linalojaribu kupona, na baadhi ya mimea imethibitika kuliharibu. Ukiwa tayari unakunywa, usimfiche daktari, na ukienda kliniki chukua ile chupa yenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu pia yaogope kama sumu, maana sumukuvu iliyomo huumiza ini na huchangia saratani yake. Pombe sina haja ya kuizungumzia kwa urefu: busaa, chang'aa na bia ya chupa vyote ni mzigo kwa ini lenye kovu.

Fedha na muda

Hospitali ya rufaa ndiyo ghali zaidi, hasa ukihesabu nauli, siku ya kazi inayopotea na vipimo vinavyoagizwa hatua kwa hatua. Tangu Oktoba 2024 nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya Kenya, imechukuliwa na SHA, na kwa matibabu ya hospitali unapaswa uwe umelipa mchango wako, ambao ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Uliza kabla ya siku yenyewe ni vipimo gani vinagharamiwa na ni vipi utalipa kutoka mfukoni, na uliza pia kama vinaweza kufanywa siku moja. Anayetoka Siaya au Busia atashukuru kwa swali hilo kuliko kwa jambo lolote lililoandikwa hapa.

Katika zahanati na vituo vya afya vya umma, huduma za msingi hugharamiwa na mfuko wa serikali kwa yeyote aliyejisajili na SHA, na nauli mara nyingi ni ya boda boda moja tu. Mpango wa nyumbani hugharimu daftari na kalamu. Kikundi hugharimu muda, na ushauri nasaha hupatikana katika hospitali nyingi za umma, ingawa zamu yaweza kuwa mbali.

Subira inayodaiwa

Sababu ikipatikana, hospitali inaweza kubadilisha maisha kwa wiki chache. Upungufu wa damu ulioletwa na ribavirin kwa kawaida hujirekebisha wiki au miezi kadhaa baada ya dawa kukoma, na tezi iliyolegea huanza kuitikia dawa ndani ya wiki 6 hivi. Sababu isipopatikana, utatoka na karatasi safi na uchovu uleule, na siku hiyo ni ngumu. Nimemwona mtu akilia kwa sababu majibu yake yalikuwa mazuri.

Mpango wa nyumbani hudai subira kubwa kuliko zote, nami nitaueleza kama nilivyouona. Kaka yangu alichora mistari kwenye daftari la shule: safu ya saa, safu ya kazi, na safu ya nguvu, kuanzia 0 hadi 10. Baada ya siku 14 tulilisoma pamoja. Jumapili, siku kubwa ya soko, alianza kazi alfajiri akamaliza giza likiingia, na nguvu zake aliziandika 7, 7, 6, 6, 3. Jumatatu ilikuwa 2 kutwa. Jumanne 2. Jumatano alijisikia vizuri, akafanya kazi za siku tatu kwa siku moja, na Alhamisi ikawa 1. Uchovu wake haukuwa na kiwango kimoja kama alivyokuwa akisema. Ulikuwa deni lililolipwa kesho yake, tena kwa riba.

Kwa hiyo alibadilisha mambo machache tu. Kazi nzito kama kunyoosha rimu alizipeleka asubuhi. Alipumzika robo saa kila baada ya dakika 40, kabla hajachoka, jambo lililomuwia gumu kuliko yote kwa kuwa wateja walimwona kama mvivu. Alitembea dakika 10 kila jioni, akiongeza dakika 5 kila wiki ambayo daftari lilikuwa tulivu, na kurudi nyuma wiki ambayo halikuwa. Aliamka saa ileile kila siku hata alipolala vibaya, na kahawa aliacha kuinywa baada ya adhuhuri, ingawa hakuiacha kabisa, kwa kuwa uchunguzi mwingi umehusisha unywaji wa kahawa na kovu dogo zaidi la ini. Alikula omena, maharagwe na mayai. Mwenye sirosisi asiogope vyakula hivyo vya kujenga mwili, kwani misuli yake huvihitaji, na uji kidogo kabla ya kulala humsaidia asishinde usiku kucha mwili ukijila wenyewe. Badiliko la kwanza lililoonekana daftarini lilikuja wiki ya tano.

Kikundi hutuliza siku ileile ya kwanza, lakini nguvu za mwili hakizirudishi kwa haraka hiyo.

Nani hufaidika na ipi

Hospitali ya rufaa humfaa zaidi aliyetibiwa kwa interferon na hajawahi kupimwa tezi, mwenye sirosisi inayojulikana, na yule ambaye dalili zake zilianza au ziliongezeka baada ya miezi ya kujisikia vizuri. Zahanati humfaa mwenye dalili moja iliyo wazi, aliye mbali na mji, au ambaye tayari ameshapimwa kikamilifu na sasa anahitaji jicho la kumfuatilia. Mpango wa nyumbani humfaa aliyepimwa na asipatikane na sababu, na ambaye kazi yake inamruhusu kuipanga. Mama anayeuza samaki kwa mkopo hawezi kupumzika kila dakika 40, na kwake tafadhali familia ichukue sehemu ya kazi kabla ya kumpa daftari. Mshauri humfaa aliyeacha kupenda alivyovipenda, asiyelala kwa mawazo, au anayeishi na watu wasiomwamini.

Kwa hali yako

Ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo linajaa maji, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au mtu wako anachanganyikiwa na kusahau alipo, ulinganisho huu haukuhusu leo. Nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Vivyo hivyo kwa aliyeanza kuwaza kujidhuru: asiachwe peke yake, apelekwe.

Ukiwa ulitibiwa kwa vidonge na bado hujafikisha wiki 12 tangu kidonge cha mwisho, anza na mpango wa nyumbani, na usikose miadi ya kile kipimo cha virusi hata kama umechoka, kwa maana majibu yake yataamua mengi.

Ukiwa umepita miezi 3 na uchovu haujapungua, pitia zahanati kwanza kwa damu, sukari na malaria, na kichocho ikiwa unaishi au kuvua kando ya ziwa, kisha uombe rufaa ukiwa na majibu hayo mkononi. Utakuwa umeokoa safari moja.

Ukiwa na sirosisi, hospitali ya rufaa haina mbadala, hata siku unazojisikia mzima, kwa sababu picha ya ini kila miezi 6 hutafuta saratani ingali ndogo, na kupona virusi kumepunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Njia nyingine zote ni za kuongezea hapo.

Ukiwa ulitibiwa kwa interferon, iwe ni miaka mingapi iliyopita, omba kipimo cha tezi kwa jina lake. Usingoje kiagizwe.

Na ukiwa umepimwa kila kitu, karatasi zote ni safi, na bado unaketi chini saa nne asubuhi, chukua daftari na umtafute angalau mtu mmoja atakayelisoma nawe. Kaka yangu yuko kwenye daftari la tatu. Jumapili hufunga kazi saa nane mchana, na Jumatatu yake sasa huiandika 5.